Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa mafundi saa wa Kisumu

Wanachama wenzangu,

Hesabu atazisoma mhazini, na katibu anayo orodha ya wanaodaiwa ada. Mimi nitaeleza kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kuwafafanulia watu saa sahihi inatoka wapi.

Mwezi Machi, jua lilipokuwa likivuka ikweta, tulikwenda Maseno, mji ulio kwenye ikweta, tukasimika mlingoti mbele ya wanafunzi, tukangoja kivuli kiishe. Kiliisha karibu saa sita na dakika 49. Mmoja akauliza kama saa zetu ni mbovu. Hapana. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki ya Greenwich, na mstari huo haugusi hata Kenya, unapita Somalia. Maseno iko karibu na digrii 34.6, na kila digrii ni dakika nne, kwa hiyo jua hutufikia dakika 41 hivi baadaye. Zile nyingine saba au nane hutokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, na mhimili wake ulioinama. Septemba mambo hugeuka, kivuli huisha karibu saa sita na dakika 34. Nasisitiza tusiikose safari ya Septemba.

Mjadala mkali ulizuka tulipofika kwenye sekunde. Tangu 1967 sekunde haitolewi tena kwenye mwendo wa dunia: ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu-133. Atomu haibadiliki. Dunia nayo hupunguza kasi polepole, maana mwezi huvuta maji ya bahari, na maji hayo huikwaza inapojizungusha. Ili saa ya ulimwengu, UTC, isiachane na dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9, tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27. Ya mwisho ilitufikia usiku wa kuamkia Januari 1, 2017, kabla tu ya saa tisa. Nyongeza hizi husumbua kompyuta. Ile ya 2012 ilikwamisha mitambo mingi. Na tangu 2020 dunia imekuwa na siku fupi kuliko kawaida, hata wataalamu wakaanza kufikiria kupunguza sekunde, jambo ambalo halijawahi kufanyika.

Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo, Versailles, uliamua kwamba ifikapo 2035 tofauti inayoruhusiwa ipanuliwe. Baadhi yenu mlipinga, mkisema saa inaachishwa jua. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Sisi tumeishi na dakika 41 na mashamba yetu yamelimwa kwa wakati. Sekunde chache hazitatupotosha. Muhimu ni sekunde iwe moja kwa kila mtu, na tofauti yake na dunia iendelee kupimwa na kutangazwa, kwa kuwa wanaoelekeza darubini na setilaiti wanaihitaji.

Kwa hiyo napendekeza kila kibanda kiwe na saa moja ya kulinganishia, irekebishwe kila asubuhi kwa UTC kupitia mtandao. Kipokezi cha GPS pia kinafaa, ila saa ya GPS haijaongezewa sekunde tangu 1980, hivyo imetangulia UTC kwa sekunde 18. Kipokezi ambacho hakijapata masahihisho hayo kitamharibia mteja saa yake. Naomba tulipigie kura pendekezo hili kabla ya uchaguzi wa viongozi.

Mwenyekiti