Mwanangu, asilimia peke yake haitoshi

Mwanangu mpendwa,

Jedwali lako la kulinganisha protini za aina mbili za bakteria Anabaena, PCC 7120 na PCC 7938, nimelipitia lote. Hiyo 7938 ndiyo watafiti wa Bremen waliyoikuza kwa shinikizo la hewa la hektopaskali 100 tu, naitrojeni 96% na kaboni dayoksaidi 4%, wakiwaza Mirihi. Lakini mengi tunayoyajua kuhusu jeni yametoka kwa 7120, ambayo jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilisomwa 2001. Kazi yako ni kuonyesha ya 7120 yanaifaa 7938 kwa kiasi gani.

Umeandika kwamba protini moja inafanana kwa 98%, ukapiga mstari. Hebu tazama safu ya pembeni: zimelinganishwa asidi amino 60, na protini nzima ina 480. Hicho ni kipande! Weka sharti ulinganifu ufike angalau 70% ya urefu wa protini zote mbili, na thamani ya E, yaani idadi ya mifanano kama hiyo inayotarajiwa kutokea kwa bahati tu, isizidi 1e-5. Kisha endesha blastp, programu ya kutafuta protini zinazofanana, kwenda na kurudi: 7120 kwa 7938, halafu kinyume chake. Zinazochaguana pande zote kuwa zinazofanana zaidi ndizo uziite pacha. Inayochagua upande mmoja mara nyingi ni nakala ya jeni iliyojirudufu.

Halafu faili zako hazitoki jiko moja. Kila jenomu ilitambuliwa jeni zake kwa programu yake, kwa hiyo mianzo ya protini inapishana na zile fupi zinaonekana upande mmoja tu. Zipitishe zote mbili kwenye programu moja ya kutambua jeni, Prokka, toleo lilelile.

Sasa nifD, mojawapo ya jeni za kunasa naitrojeni, maana hapo ndipo wengi hukosea. Katika seli za kawaida za 7120 jeni hii imekatwa na kipande cha DNA chenye jozi za besi kama 11,000. Kimeng'enya XisA hukiondoa pale seli inapogeuka heterosisti, ile inayonasa naitrojeni. Ukisoma jenomu kavu kavu, protini itaonekana imevunjika, nawe utaandika eti ina kasoro. Unganisha pande mbili kwa mkono kabla ya kulinganisha. Jeni fdxN na hupL nazo zina vipande vya namna hiyo.

Neno "haipo" usiliandike kabla ya kuendesha tblastn, inayotafuta protini moja kwa moja ndani ya DNA, kwenye jenomu yenyewe. 7120 ina plasmidi sita, yaani DNA ndogo zilizo nje ya kromosomu, nazo zinabeba jeni. Jenomu iliyounganishwa nusunusu huzipoteza kirahisi.

Jedwali jipya liwe na safu ya urefu wa protini zote mbili. Bila hiyo nitalirudisha.

Mama yako