Barua kwa Mjomba: usisubiri kifua kikubane

Shikamoo Mjomba,

Juzi uliniuliza mbele ya watu: hawa jamaa wa mapafu ninaojitolea nao wanatibu nini hasa, mbona hawana wodi? Wenzako wakacheka, mazungumzo yakahamia kwingine. Nimeona nikujibu kwa maandishi, na hadharani, kwa sababu wajomba wenye swali kama lako ni wengi.

Ni kweli, wodi hawana. Karibu kazi yao yote ni kukinga mapafu ya watu ambao bado wanajiona wazima. Mapafu yana akiba kubwa ajabu: vifuko vidogo vya hewa mamia ya milioni, ambavyo kuta zake zikitandazwa hufikia mita za mraba 70 hivi. Kwa akiba hiyo, mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa bila kujua. Moshi ukishakula kuta za vifuko hivyo, hazirudi. Na mwenyewe anapoanza kuhema anasingizia umri, anapunguza mwendo, maisha yanaendelea.

Wewe ngazi umeziacha, Mjomba. Siku hizi unazungukia mlango wa nyuma, halafu unasimama pale ukutani, simu mkononi, mpaka pumzi itulie. Simu yenyewe hata huigusi. Nimekuona zaidi ya mara moja na imeniuma.

Kazi hii ya kukinga si ya jana. Mwaka 1907 kule Wilmington, katika jimbo la Delaware, Marekani, Emily Bissell aliombwa na binamu yake daktari asaidie kupata dola 300 ili kituo kidogo cha wagonjwa wa kifua kikuu kisifungwe. Alichora stempu ya Krismasi, zikauzwa senti moja moja, mwisho zikapatikana kama dola 3,000. Fikiria ni senti za watu wangapi hizo! Stempu zikawa mfuko wa chama cha kupambana na kifua kikuu kilichoanzishwa 1904, ambacho leo ndicho American Lung Association, yaani Chama cha Mapafu cha Marekani. Wakati huo dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo haikuwapo. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya namna hiyo, iligunduliwa 1943. Kwa hiyo walifundisha: funika mdomo unapokohoa, usiteme mate ovyo, fungua madirisha, nenda ukapimwe mapema. Mimi nawaheshimu sana watu wale. Walikuwa na mikono mitupu na bado hawakukaa kusubiri dawa.

Kifua kikuu sasa kina tiba, lakini mapafu yamepata maadui wengine. Tumbaku peke yake, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, huua watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuwa wavutaji, walivuta tu moshi wa wenzao. Kuna moshi wa kuni jikoni. Kuna moshi wa magari. Na lipo vumbi la mawe, ambalo wewe ulilivuta miaka yote ile ya kupasua kokoto. Vumbi lile likikaa ndani huacha makovu ambayo hayana dawa, na humfanya mtu ashambuliwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana wenzangu wanahangaika na vijana wa machimboni: lowesheni jiwe kwa maji kabla ya kulikata, vaeni barakoa inayochuja vumbi, si kitambaa. Kijana mwenye miaka 20 haoni sababu, anapumua vizuri tu. Kumshawishi huyo ni kazi ngumu kuliko kumhudumia mgonjwa, na akikubali hakuna atakayekuja kushukuru, kwa kuwa ugonjwa wenyewe hautatokea.

Kuhusu sigara, najua unaogopa kugombezwa. Hapa hakuna anayekugombeza. Mtu anakaa na wewe, mnapanga siku ya kuacha, mnaangalia ni saa ngapi hamu inabana zaidi, unaelezwa habari za plasta na bigijii za nikotini, kisha unafuatiliwa. Ukiteleza mnaanza tena, na wengi huteleza kabla ya kufaulu. Kilichopotea mapafuni hakirudi, hilo sitakuficha, ila ukiacha unapunguza kasi ya kupoteza kilichobaki, hata kwa umri wako.

Ombi langu ni dogo. Nenda ukapime nguvu ya mapafu. Hakuna sindano wala kulala kwenye mashine. Unakaa kwenye kiti, pua inabanwa kwa kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kijae, unaziba mrija kwa midomo, halafu unapuliza kwa nguvu zako zote, na mhudumu anakuhimiza, “endelea, endelea, bado!” mpaka uishiwe kabisa. Utarudia mara kadhaa. Kifaa kinaonyesha umetoa hewa kiasi gani kwa jumla, na kiasi gani katika sekunde ya kwanza. Ile ya sekunde ya kwanza ikiwa ndogo kupita kiasi ukilinganisha na jumla, daktari anajua njia za hewa zimebana.

Ukifika, usimwambie daktari “kikohozi cha kawaida tu”. Mwambie unakohoa kila asubuhi na makohozi yanatoka, mwambie kuhusu ngazi, taja na miaka ya kokoto maana asipoambiwa hataijua. Nitakuja kukuchukua Jumatatu asubuhi. Kama Jumatatu haikufai, nipigie unitajie siku nyingine wiki hiyohiyo.

Ni mimi, mpwa wako.