Je, Mnafundisha Mchezo au Kujihami?

Watu wengi wanaotupigia simu kuulizia darasa letu la kupigana huanza na swali hilo, kisha hushusha sauti na kuongeza lingine: "Na zile mbinu chafu, je?" Wanamaanisha kutia kidole jichoni, teke la kinena, kung'ata, kumpiga mtu kichwa, kumvunja vidole. Wameshaambiwa kwamba mtu wa mashindano amezoeshwa sheria, na kwamba siku atakapovamiwa pasipo na refa, sheria hizo ndizo zitakazomponza.

Hatulichukulii swali hili kijuujuu, maana anayeuliza mara nyingi ameshavamiwa au anaishi na hofu ya kuvamiwa. Mbinu hizo tunazifundisha. Ila hazitangulii, na mwanafunzi asiyetaka kupigana na wenzake kwa sheria hatumwingizi kwenye darasa la mbinu hizo.

Chukua sheria za pamoja za MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, zilizotungwa New Jersey, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zinakataza kutia vidole machoni, kung'ata, kupiga kichwa, kuvuta nywele, kupiga kinena, kukunja kidole kimoja kimoja, kupiga koo, kisogo na uti wa mgongo. Orodha hiyo ya makosa ndiyo orodha ya mbinu chafu, karibu neno kwa neno. Mpiganaji wa mashindano anaijua kwa moyo, na hajasahau jicho liko wapi kwa sababu tu amekatazwa kuligusa. Kinachomtofautisha na mtu aliyetazama video tatu za kujihami ni kwamba yeye amewahi kumshika mtu anayekataa kushikwa.

Kuna zoezi tunalolifanya na kila kundi jipya. Mmoja anavaa miwani ya kinga ya plastiki, mwenzake anapewa kazi moja tu: kugusa kioo cha miwani. Wakiwa wamesimama, na mwenye miwani ameruhusiwa kujitetea, vidole huishia kwenye paji la uso, kwenye shavu, hewani. Kichwa cha mtu hakitulii, na jicho ni kitu kidogo. Kisha anayetafuta jicho tunamlaza chali, mwenye miwani anamkalia kifuani. Mikono ya aliye chini inafika kidevuni kwa shida. Aliye juu anajivuta nyuma kidogo tu na kazi imekwisha. Wakibadilishana nafasi, aliye juu anagusa kioo anavyotaka. Hapo hatuhitaji hotuba. Mwanafunzi ameona mwenyewe kwamba mbinu chafu ni ya yule aliyewahi nafasi nzuri, na kwamba aliye chini akianza kuchokonoa macho anamwonyesha njia aliye juu yake. Nafasi hiyo hupatikana kwa mieleka: kupiga mtama, kumkwepa mtu asikushike kiuno, kujitoa chini ya mtu mzito, kumkalia asikupindue.

Jambo hili lilishafikiriwa zamani. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 aliondoa mapigo na mbinu za hatari kubwa katika mapambano ya mazoezi, akazihifadhi katika kata, yaani miondoko iliyopangwa ambayo hurudiwa bila kushindana. Wapo walioona anaidhoofisha sanaa. Kumbe alichopata ni wanafunzi walioweza kuangushana kwa nguvu zote, leo na kesho na keshokutwa, bila mtu kupelekwa hospitali. Kidole cha jicho huwezi kukizoeza hivyo. Utakizoeza kwa kuigiza, taratibu, na mwenzako akiwa amesimama kama mlingoti. Mimi binafsi siamini mbinu yoyote ambayo sijawahi kuijaribu kwa mtu anayejitahidi kunizuia, na sioni kwa nini mteja wetu aiamini.

Tena mbinu hizi hazimalizi ugomvi kama inavyodhaniwa. Tokyo, mwaka 1995, katika Vale Tudo Japan, mashindano yenye sheria chache sana, Mjapani Yuki Nakai alikutana na Gerard Gordeau, Mholanzi aliyemzidi sana kwa kimo na uzito. Gordeau alimtia kidole jichoni, na jicho la kulia la Nakai halikuona tena maisha yake yote. Lakini aliyeshinda pambano lile ni Nakai. Aliunasa mguu wa Gordeau, akausokota kwa kukamata kisigino mpaka mwenzake akasalimu amri, kisha siku hiyo hiyo akapigana mara mbili zaidi. Miaka miwili baadaye bondia Mike Tyson alimng'ata mwenzake Evander Holyfield ulingoni akamkata kipande cha sikio, na Holyfield akarudi kupigana damu ikimtiririka. Mtu aliyepandisha hasira au hofu huwa hasikii maumivu mpaka baadaye. Ukilitegemea teke la kinena kama kinga yako pekee, unategemea kwamba mwenzako atayasikia maumivu sasa hivi.

Hayo yote hayamaanishi kwamba sheria hazina madhara. Zinayo, na hili huwa tunawaambia waziwazi wanafunzi wanaotoka klabu za mashindano. Agosti 2021, kwenye fainali ya karate ya uzito wa juu ya Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza 4-1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa likamzimisha. Ganjzadeh alitolewa kwa machela. Hamedi akaondolewa kwa kupiga bila kudhibiti nguvu, na dhahabu ikaenda kwa aliyezimia. Kwa sheria za mchezo ule, uamuzi ulikuwa na msingi wake. Lakini mwili hujifunza kile unachotuzwa. Mcheza judo hulala kifudifudi akisubiri mwamuzi aseme simama. Mcheza taekwondo hushusha mikono, kwa kuwa ngumi ya uso hairuhusiwi kwao. Bondia hurusha ngumi kali kwenye fuvu, akisahau kwamba leo hana bandeji wala glavu, na mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo ndio unaovunjika. Mtu wa jujitsu, aliyezoea kupambana akiwa chini, hukaa chini kwa hiari yake, kwenye sakafu ngumu, bila kujua kama mvamizi ana mwenzake.

Mazoea haya tunayarekebisha moja baada ya jingine, na kuyarekebisha ni rahisi kuliko kumwanzisha mtu ambaye hajawahi kupigwa ngumi hata moja.

Kisha lipo suala la sheria ya nchi, ambalo wauzaji wa mbinu za kuua kwa pigo moja hawaligusi kabisa. Katika nchi nyingi unaruhusiwa kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, na hatari ikishapita ruhusa nayo imekwisha. Anayekushika shati kwa ulevi si sawa na anayekukaba koo. Kumdhibiti mtu kuna viwango: unaweza kumsukuma, kumwangusha, kumbana mpaka atulie, au kumpiga kabali ukaiachia mara anapolegea. Jicho halina nusu, na ukishalipasua huwezi kurudi nyuma. Mwanafunzi anayejua uchafu peke yake ana majibu mawili tu, kutofanya kitu au kumpa mtu kilema cha maisha, na mimi sitaki kumpeleka mtu yeyote nyumbani akiwa na majibu mawili.

Ndiyo maana tumepanga hivi. Miezi mitatu ya kwanza ni kuanguka bila kuumia, ngumi na mateke ya msingi, mieleka, na mapambano mepesi yenye refa. Baada ya hapo ndipo darasa la kujihami: kutumia sauti, kutambua mlango wa kutokea, kuvamiwa na wawili, kuvamiwa ukiwa umeketi, kuinuka upesi, kukimbia. Mbinu chafu zinaingia humo, kila moja na wakati wake, hasa pale unapozidiwa nguvu sana na unahitaji sekunde moja ya kujichomoa. Kuhusu kisu hatumwahidi mtu chochote zaidi ya kuongeza nafasi yake ya kutoroka.

Mwenye jeraha la zamani la goti, bega au shingo atuambie mapema ili tumpangie mwenza anayemfaa. Siku ya kwanza huhitaji vifaa vyovyote. Miwani ya plastiki tunayo. Vaa nguo isiyo na zipu, vua pete na hereni, na ukate kucha kabla ya kuja.