Kikao cha Alhamisi kuhusu wagonjwa na jamaa zao

Wauguzi wenzangu, habari za kazi. Tutakutana Alhamisi saa tisa alasiri, baada ya makabidhiano ya zamu, katika chumba cha mikutano. Tutajadili jamaa wanaotukatiza tunapogawa dawa, jambo linaloweza kusababisha makosa ya dozi, na wanaotutukana kwa sababu aliyezidiwa amehudumiwa kabla ya mgonjwa wao. Najua wengi husukumwa na hofu, lakini inaniuma sana kumwona mwenzetu akijifungia kulia.

1. Kila mmoja aandike tukio moja bila kutaja jina la mgonjwa.
2. Walio zamu ya usiku watume maoni ifikapo Jumatano jioni.

Nitapendekeza kila familia iteue msemaji mmoja. Tafadhali thibitisheni leo, kabla ya saa mbili usiku, kama mtahudhuria.