Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ruzuku Ndogo kwa Shule za Lamu

Wanachama wenzangu, wazee wetu, mama zetu, walimu na vijana, assalamu alaikum.

Nawashukuru kwa kuitikia mwito wa mkutano mkuu, hasa nyinyi mliovuka maji kutoka visiwa vya Pate na Ndau. Mweka hazina atawasomea hesabu kifungu kwa kifungu, kwa hivyo mimi sitazigusa. Ninalotaka kuwaeleza ni kile ambacho ruzuku ndogo tunazozipa shule za Lamu zilifanya zilipofika vijijini. Mwaka huu umenithibitishia jambo moja: ruzuku yetu huzaa pale kijiji kinapoingia ndani ya mradi kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Kijiji kikiitwa siku ya uzinduzi tu, hakuna kinachobaki.

Nianze na jabia, yaani birika kubwa la kujengwa la kuwekea maji ya mvua. Upande wa Pate kuna shule ya msingi iliyokuwa na jabia kuukuu, imepasuka, na kila kiangazi watoto walikuja shuleni na vidumu vya maji kutoka kwao. Maombi ya kwanza tuliyoletewa yalikuwa ya tangi la plastiki. Kamati ikauliza kijijini ni nani walioijenga ile jabia, ikawa fundi mmoja bado yu hai. Mzee yule akaja, akaizunguka taratibu akigonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake, sikio ameliinamisha. Kila plasta ilipolia uvungu akatia alama ya mkaa. Wanafunzi wakamfuata nyuma, na haukupita muda wakawa wanagonga wenyewe na kubishana ni wapi pana uvungu na wapi pazima. Ruzuku ilinunua saruji, chokaa, mifereji ya paa na wavu wa kuzuia majani na mbu. Nguvu za mikono zilikuwa za wazazi, na chakula cha mafundi kilipikwa na akina mama kwa zamu.

Mwalimu wa hisabati naye hakuiacha nafasi ile impite. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Watoto wakapima mabati ya madarasa, wakapiga hesabu: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 1,000, ukiondoa yanayopotea njiani na yale ya mwanzo, ambayo lazima yamwagwe kwa kuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Hesabu ilibaki ubaoni, na wazazi waliokuja kuchanganya saruji wakaisoma. Wengine sasa wametia mifereji kwenye nyumba zao. Hilo halikuwamo katika maombi, na kwangu mimi ni pato kubwa kuliko jabia yenyewe.

Mikoko nayo ina habari yake. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu, na watu wetu wameishi kwa boriti zake, samaki wake na kaa wake tangu enzi. Shule iliyopata ruzuku ya kitalu cha miche ya mikoko ilitaka kupanda aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Akina mama wa kikundi cha kijiji ndio waliowazuia. Waliwapeleka watoto ufuoni maji yamekupwa, wakawaonyesha jinsi miti ilivyojipanga yenyewe: mlilana mbele kabisa, unaotazama bahari, mkoko nyuma yake kwenye matope laini, kisha mkandaa, na mchu huko juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yanapojaa kupita kawaida. Sehemu iliyokuwa imechaguliwa na shule ilikuwa ya mchu. Mkoko ungepandwa pale ungekauka wote, na sisi tungeandika kwenye taarifa kwamba miche imepandwa. Naomba kamati zijazo zilikumbuke hili kila zinapoletewa idadi ya miche: swali ni mingapi imeshika, na ni nani aliyesema ipandwe pale.

Mradi wa ususi upande wa Kipungani ulikwenda vizuri bila kelele. Nyanya waliwafundisha wasichana, na wavulana kadhaa, kuchambua miyaa, yaani majani ya mkindu, kuitia rangi na kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, na mkeka wa kwanza umetandikwa katika chumba cha kusomea. Kilichousaidia ni wakati. Vipindi viliwekwa siku ambazo havigongani na chuo, yaani madrasa, kwani mtoto wa Lamu akitoka skuli ana Qur'ani yake inayomngoja, na mradi usioliheshimu hilo hukosa watoto na hukosa radhi za wazazi.

Bustani ya mboga ya shule nyingine imekufa. Ilistawi muhula mzima, kisha shule zikafungwa likizo ndefu, upepo mkavu wa kaskazi ukaanza kuvuma, na hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kumwagilia. Siwalaumu walimu, kwani wengi wao kwao ni bara na likizo ndiyo nafasi yao ya kuona jamaa. Ila majirani wa shule ile hawakuwa wameambiwa hata mara moja kwamba bustani ni yao pia. Kuna shule moja zaidi ambayo hadi leo haijaleta maelezo ya matumizi. Kamati imeiandikia, na haitapokea maombi yake mengine mpaka ilete.

Kuhusu risiti, wengi mmelalamika, na mna haki. Duka la vifaa hutoa risiti, lakini nahodha anayevusha vifaa hatoi, wala mwenye punda anayevibeba hatoi. Tangu sasa tutakubali karatasi iliyosainiwa na nahodha na mzazi mmoja, au ujumbe wa M-Pesa.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma. Mfuko mmoja wa saruji ukitoka gati la Mokowe, upande wa bara, kwenda kisiwani hubebwa, huteremshwa na kubebwa tena, na kila mkono hulipwa. Shule iliyo Amu, yaani mjini Lamu, na iliyo kisiwa cha mbali cha Kiwayu zikipewa kiasi kimoja, hazikupewa sawa. Bahari ikichafuka kwa upepo wa kusi, boti husubiri, na mfuko uliolowa hauna kazi. Kamati tendaji inapendekeza usafiri uwe na fungu lake nje ya kiwango cha ruzuku, na vifaa vya shule za mbali vipelekwe kabla kusi haijakaza. Naomba mliunge mkono pendekezo hili, hata kama litapunguza idadi ya miradi.

Tangu mwaka 2023, sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ilipoanza ndani ya viwanja vya shule za msingi, tunaletewa maombi mengi ya madarasa. Haja ni ya kweli, nimeona watoto wamebanana. Hata hivyo kujenga madarasa ni wajibu wa serikali, na fedha zetu zote haziwezi kuinua chumba kimoja na kukiezeka. Tutaendelea kuyakataa, na tutaendelea kuziandikia barua ofisi zinazohusika tukiwa pamoja na bodi za shule.

Fomu za mwaka ujao ziko kwa katibu. Zina ukurasa mpya: watu wawili wasio walimu wala wazazi wa shule ile waeleze watafanya nini katika mradi, na nani atautunza likizo. Asiyeandika anaweza kusema, mwanafunzi akamwandikia. Shule za Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu zitapelekewa fomu zao na wajumbe wanaorudi leo. Tafadhali wazichukue kabla hawajashuka gatini.