Sefesi grainda ya kujitengenezea haihitaji pampu ya haidroliki

Mhariri, salaam. Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaojiundia mashine za karakana na kwa kweli nimefurahi, ila pale mliposema yule kijana wa sefesi grainda amekwama kwa kukosa hela ya pampu ya haidroliki, yani ya kusukuma mafuta kwa presha, ya kuendeshea meza, hapo nimeshindwa kunyamaza. Hajakwama huyo. Kashauriwa vibaya tu.

Kwa wasioijua, sefesi grainda ni mashine ya kusawazisha chuma, pleti za moldi, dai za kukatia bati na vitu kama hivyo. Jiwe linazunguka juu, meza yenye sumaku inaenda na kurudi chini yake, kila ukilishusha jiwe unakula kama 0.01 mm hivi. Sasa watu wengi wanadhani usahihi unatoka kwenye kile kinachosukuma meza. Hapana. Usahihi uko kwenye slaidi, yani njia mbili ambazo meza inateleza juu yake, moja ya umbo la V na moja bapa, kinachosukuma meza kazi yake ni kusukuma tu na kutoiharibia njia yake. Ukishaelewa hilo, nusu ya hela umeokoa.

Tuanze na skruu maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anachofikiria, kazoea leith, ile mashine ya kuchongea vyuma vya mviringo. Meza ya grainda inatakiwa iende mbio, tuseme mita 15 kwa dakika. Skruu yenye hatua ya 5 mm, yani inayosogeza meza 5 mm kila mzunguko, itabidi izunguke mara 3,000 kwa dakika halafu isimame, igeuke, irudi hivyo hivyo, siku nzima! Hata boli skruu ya maana, ile yenye goroli ndani ya nati, itapiga kelele, na kama imepinda kidogo tu mawimbi yake utayaona kwenye kazi.

Reki na pinioni, yani gia ndogo inayosukuma fito lenye meno, inawezekana na viwanda wanaitumia, tatizo jino la pinioni likisukuma reki iliyo chini ya meza halisukumi mbele tu, linasukuma na juu, kwa yale meno ya kawaida yenye mwinamo wa digrii 20 ni zaidi kidogo ya theluthi ya ile nguvu ya mbele. Meza ya kiwandani nzito haijali, ila meza yako ya pleti iliyokaa kwenye V kwa uzito wake tu inaweza kucheza, na alama za meno zikabaki kwenye chuma.

Haidroliki ni laini sana sibishi, kugeuza kwake hakuna mfano. Lakini ni mota ya pili, mafuta yanayopata moto, na ukiweka tanki ndani ya bodi ya mashine ule moto unatanua chuma na kipimo cha asubuhi siyo cha mchana. Sili, ile mpira ya kuzuia mafuta, ikianza kuvuja ndo unajuta.

Mkanda wa meno sasa. Unabana ncha mbili za mkanda kwenye ncha mbili za meza, katikati unaushusha kwenye puli iliyofungwa kwenye bodi, na roli mbili za kuuzuia pembeni. Puli ya meno 20 yenye 5 mm kwa jino inakupa 100 mm kwa mzunguko, yani kwa zile mita 15 unahitaji mizunguko 150 tu, hiyo hata kwa mkono unaisogelea. Ukitaka ijiendeshe, mota ya waipa ya lori na puli ya meno 40, ikizunguka 60 kwa dakika unapata mita 12, weka limiti swichi mbili, zile zinazoguswa na meza ikifika mwisho, za kugeuza basi. Mkanda hauinui meza mradi uvute sambamba na slaidi. Hata taiming belti ya gari iliyotolewa injini inafaa, unaikata tu, maana mzigo wa meza ni mdogo ukilinganisha na ule wa kamshafti, shafti ya kufungulia valvu za injini.

Hela iliyobaki apeleke kwenye spindo, yani shafti inayobeba jiwe, beringi za engo (zinazohimili kusukumwa hata kwa upande) zilizobanwa vizuri, na mota ya fezi tatu kwa inveta, kile kifaa cha kuipa umeme wa fezi tatu, maana ile ya fezi moja ina mtetemo wake na jiwe litauchora kwenye kazi. Jiwe la kipenyo cha 200 mm kwa mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika linakimbia ukingoni karibu mita 30 kwa sekunde, kwa hiyo asome spidi iliyoandikwa kwenye jiwe, aligonge kwa mpini wa bisbisi asikie kama linalia vizuri kabla ya kulifunga, na kava iwe ya chuma kinene, siyo bati. Hapo sina utani.

Nchi hii iliwahi kujenga kiwanda kizima cha mashine za karakana, KMTC (Kilimanjaro Machine Tools) kule Hai, Kilimanjaro, kwa hiyo mtu kujiundia grainda siyo maajabu kama makala ilivyofanya ionekane.

Na kama pampu ameshalipia nusu, aimalizie tu halafu awauzie watu wa presi, mashine za kubana na kukandamiza, wao wanaihitaji kuliko yeye.

Fundi mchongaji,
Gerezani, Dar es Salaam