Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dansi la Morogoro, 1970 hadi 1975

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na nyie vijana wa vyuoni mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha, karibuni.

Katibu amenithibitishia kwamba akidi imetimia. Wenzetu waliotangulia mwaka huu tumeshawaombea kabla ya kufungua mkutano, kwa hiyo sitawarudisha kwenye majonzi. Taarifa ya fedha ataisoma mhazini. Mimi nitasema moja tu juu ya fedha: chama hakidaiwi na mtu, na wala hakina kitu.

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ikusanye kumbukumbu za muziki wa dansi wa mji huu, mwaka 1970 hadi 1975. Agizo lilisikika jepesi. Wengi tulidhani ni kazi ya kuzunguka na begi, kuomba santuri kwa watu, kuzinakili na kurudi nyumbani. Santuri tumezipata, nyingine zimekwaruzwa mpaka sauti ya mwimbaji inatoka kama anaimbia mvuani. Lakini kazi yenyewe imetupeleka mahali pengine kabisa, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka leo.

Nianze na ubishi, maana Morogoro hauanzi muziki bila ubishi. Karibu kila mzee niliyepiga hodi kwake aliniuliza swali kabla sijamuuliza langu: "Wewe upande gani?" Vijana hawawezi kuelewa swali hilo bila kuelezwa. Mji ulikuwa na bendi mbili kubwa. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na katikati ya miaka ya 1960 akajiunga nayo kijana kutoka Mzenga, Mbaraka Mwinshehe, ambaye baada ya muda mfupi alikuwa anatunga, anaimba na kupiga gitaa la solo yeye mwenyewe. Upande wa pili walikuwepo Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, mtu aliyezipenda santuri za Cuba kiasi cha kuipa bendi yake jina la huko. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na wengi walidhani bendi ingekwenda naye. Haikwenda. Juma Kilaza aliishika, na miaka tunayoizungumzia alikuwa bado anawapa wapinzani wake wakati mgumu.

Basi ukitaka kikao kivunjike, taja bendi moja usitaje nyingine. Katika kamati yenyewe tumewahi kuahirisha ajenda kwa sababu hiyo. Msimamo wangu mnaujua na hautaandikwa kwenye muhtasari.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 70, yaliyofanyika Osaka. Naomba mlifikirie jambo hili kidogo. Hii haikuwa bendi ya jeshi, wala ya polisi, wala ya chama cha wafanyakazi kama NUTA Jazz. Ilikuwa bendi ya mji wa mkoani, na ndiyo iliyokwenda kuiwakilisha Tanzania. Hakuna tulichokipata mwaka huu kinachonipa fahari kama hicho, na nasema hivyo mbele ya watu wa Cuban Marimba makusudi.

Sasa, nani alikuwa ukumbini? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Mji huu ulikuwa mji wa mkonge na reli kabla haujawa mji wa vyuo. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka mashambani, bendi zilijua wapi pa kwenda. Madereva wa malori waliokuwa wakipeleka mafuta na mizigo Zambia, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, walipita hapa na kulala hapa. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na makao yao hapa, na mwaka 1969 chama chao cha ANC kilifanya hapa mkutano wake mkubwa ambao mpaka leo unaitwa kwa jina la mji wetu. Karibu na wakati huohuo, chuo cha kilimo kilichokuwa chini ya milima ya Uluguru kikageuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndicho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, cha leo. Mwaka 1972 Mzumbe ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo. Ghafla mji ukawa na vijana wa mikoa yote, wenye kusoma, wenye suruali za pekosi, zile pana chini, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, na Jumamosi isiyo na mhadhara.

Mama mmoja aliyesomea ualimu hapa wakati huo ametuambia jambo ambalo wanaume wote tuliowahoji hawakulitaja hata mmoja. Wanachuo wengi, alisema, hawakuingia ndani. Hela ya mlangoni ilikuwa shida, na msichana wa chuo akionekana ukumbini usiku, taarifa zilifika bwenini kabla yake. Walisimama nje, upande wa madirisha, wakicheza kwenye mchanga na kanga zimefungwa kiunoni. "Sisi Mbaraka tulikuwa hatumwoni," alisema, "lakini nyimbo zake tulizijua kuliko waliolipa." Wale wa Mzumbe walikuwa na tatizo jingine: chuo kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, na dansi likiisha usiku wa manane hakuna gari. Walicheza mpaka alfajiri kwa kukosa namna ya kurudi, na wenye ukumbi waliwapenda kwa sababu hiyohiyo.

Niseme sasa juu ya santuri. Tunayo moja mezani hapa, mnaweza kuja kuiona wakati wa chai, ila msiishike sehemu ya mistari. Ni ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande wa kwanza wimbo unaanza, beti zinaimbwa polepole, magitaa yanaongea kwa adabu, saksafoni inajibu. Halafu, wakati wimbo unataka kupanda kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa, sauti inafifia. Inabidi uinuke, ugeuze santuri, ndipo upate sehemu ya pili. Wimbo ulikatwa viwili kwa sababu upande mmoja hauwezi kubeba zaidi ya dakika chache. Kiwanda cha kufyatulia santuri hapa kwetu hatukuwa nacho, zilitengenezwa Nairobi. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo iliwarekodi kwenye kanda kubwa, na tuishukuru sana, maana bila kanda zile tungekuwa tunasimuliana hewa. Lakini kanda ya redio nayo ni ya studio. Hakuna wachezaji, hakuna jasho, na hakuna wa kumpigia kelele mpiga solo asiache.

Mzee mmoja aliyepiga gitaa la rizimu, lile la kushikilia mdundo, enzi hizo alinionyesha tofauti. Gitaa hana, hakuwahi kuwa nalo. Vyombo vilikuwa vya bendi, na ukiondoka unaondoka na vidole vyako tu. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaipakata mapajani, akaanza kunihesabia kwa kugonga kisigino chini. Hapa mwimbaji kamaliza. Hapa mpiga tumba anabaki peke yake. Hapa mimi naingia na vipande vyangu viwili, vilevile, sibadilishi hata nikifa, na mpiga solo anaondoka. Kisigino kikaendelea na yeye hakusema kitu kwa muda mrefu. Nikamuuliza wimbo unaishia wapi. Akanijibu kwamba ukumbini wimbo haukuwa na mahali pa kuishia, uliisha pale kiongozi alipoona watu wanaanza kwenda kukaa.

Ndugu wanachama, hilo ndilo tulilolikosa kwenye santuri zote tulizokusanya. Tumekuwa tukihifadhi kile kilichotosha kwenye upande mmoja wa sahani ya plastiki na kukiita muziki wa Morogoro. Muziki wenyewe ulipigwa usiku kucha, na uliobaki uko kwenye visigino vya watu wenye miaka sabini na themanini.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, akaja na mtindo wa Masika. Sitaingia kwenye sababu. Tumesikia za kutosha kujaza kitabu na hazifanani hata mbili. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa mashabiki ilikuwa talaka, na kuna nyumba hapa Morogoro ambazo baba alibaki na bendi na mama akaenda na mwimbaji. Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Barabara imetuchukulia wote wawili, yeye na Salum Abdallah.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo, na naomba myajadili bila kunionea haya.

Tunapendekeza kazi ya kununua santuri isimame kwa mwaka mmoja. Najua wapo watakaonuna, hasa wale wanaoniuzia. Fedha itakayopatikana inunue kinasa sauti kizuri na maikrofoni mbili, na wanachuo wa SUA na Mzumbe waliojitolea, hao hapo nyuma, wafundishwe kuhoji. Wahoji wanamuziki, lakini waanze na wachezaji, na wanawake wawe wengi kuliko tulivyofanya sisi. Tumehoji wanaume mno, na kosa hilo ni la kamati nzima. Pia wanamuziki tutakaowahoji walipwe nauli na posho ndogo. Wengi wao nyimbo zao zimepigwa redioni miaka hamsini bila wao kuona senti, nasi hatuwezi kwenda kuchukua tena bure.

Pendekezo la pili ni la ada. Ibaki ileile, ila ilipwe. Orodha ya wasiolipa iko kwa mhazini, nami nimeshalipa ya kwangu jana jioni.

Hoja ya kinasa sauti itapigiwa kura sasa hivi, kabla ya chakula. Mwaka jana tulipiga kura baada ya pilau, na walioinua mikono walikuwa robo ya walioinua sahani.